Kona Iliyomchukua Baba Mdogo

Kijiji cha Isongwa,
Mbeya,
14 Mei, 1977.

Mpendwa mdogo wangu Alinanuswe,

Ugonile, ndugu yangu. Mmeamkaje huko Kitwe? Shemeji Sekela hajambo, na watoto? Kile kifua chako kimepoa, au vumbi la mgodi bado linakusumbua? Sisi tunapumua. Mvua imenyesha hata imepitiliza, viazi vingi vimeoza ardhini.

Kaa chini kwanza, ndipo usome. Baba mdogo Sedekia hatunaye tena. Simu ya upepo tulikupelekea mwezi wa tatu, lakini kwa kuwa hukujibu, naona haikukufikia.

Unaikumbuka kona iliyo chini ya nyumba yetu. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukingo ambao juu yake baba alijenga ule mwaka wa kuhamia vijijini, na hapo hapo uani tukamzika mama. Malori mawili hayapishani pale. Mwaka jana wilaya ilileta shauri kijijini: ama barabara hii ya zamani ipanuliwe, ama ichongwe mpya kupitia bondeni. Hiyo mpya ingewekwa kizuizi, na kila gari lingelipa ushuru hadi gharama irudi.

Mkutanoni baba mdogo alisimama. Wewe unajua jinsi alivyolipenda lori lile la ushirika aliloliendesha, na jinsi alivyokuwa mpole. Alisema, "Jamani, ya bondeni itachukua miaka, na ushuru wake tutaulipa sisi wenye mashamba ya pareto. Kinachotusumbua ni kona moja tu. Uchimbwe ukingo, yaishe."

Kila mtu alijua ukingo ni nyumba ya nani. Baba akainuka, akamtazama mdogo wake. "Mimi mmeshanihamisha mara moja," akasema. "Mke wangu hamtamhamisha."

Mwenyekiti alipoomba mikono, karibu wote waliinyoosha kwa ajili ya barabara ya bondeni. Hawakuipenda, ila walimwonea baba huruma. Baba mdogo alitoka bila kuaga, na tangu siku ile wale ndugu wawili wakawa wanasalimiana kwa mbali tu.

Huko bondeni walikuja wapimaji, wakapigilia vigingi wakaondoka. Nyasi zimevifunika.

Mwezi wa tatu baba mdogo alikuwa anashuka na magunia ya pareto, mvua ikinyesha. Pale kwenye kona akakutana na lori la mbolea linapanda. Dereva wa lori hilo ndiye aliyetusimulia. Baba mdogo alisogea nje kabisa, upande wa korongo, akampungia mkono apite. Yule akapita. Alipotazama nyuma, barabara ilikuwa imemeguka na lori halipo.

Tulimtoa jioni. Uso wake haukuumia, Alinanuswe, nakuambia hilo ujue.

Tulimzika kilimani kanisani. Mchungaji alipomaliza, baba akajongea ili aseme neno la kumuaga mdogo wake. Mama mdogo Tusajigwe, kando ya kaburi la mumewe, hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Shemeji, wewe ulishasema mkutanoni." Baba akarudi akaketi. Sijawahi kumwona mtu mzima akiketi vile. Shangazi Roza alifika kutoka Iringa kesho yake, akajaribu kuwapatanisha, akashindwa.

Na watu nao! Wale walionyoosha mikono, leo kila mmoja anasema wake ulikuwa chini. Wanampita baba njiani kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyepiga kura.

Matanga yalipoisha, asubuhi nilikuta baba amepanda juu ya nyumba anang'oa bati zile ulizotuma. Nilimwita, akaendelea kung'oa. Alizishusha zote, akaenda kwa mwenyekiti, akamwambia, "Waiteni wachimbe."

Sasa nakuja kwenye neno zito. Mama tumemhamisha. Mchungaji aliomba, wanaume wakafukua, mimi nikamfunga kwa shuka jipya. Tumemlaza kilimani karibu na baba mdogo. Baba alinikataza kukuandikia kabla, alihofu ungesema ngojeni nije, naye hakuweza kungoja tena. Usimkasirikie. Kama ni lazima umkasirikie mtu, basi mimi, maana ningeweza kukuandikia kwa siri na sikuandika.

Ukingo umeshachimbwa. Kona sasa ni pana, magari yanapita bila hata kupunguza mwendo.

Baba anaishi kwa mama mdogo. Hakualikwa. Alienda na jembe lake, akaanza kumlimia, jioni akalala kwenye kibanda cha mahindi. Bati zako ameziezeka kwenye jiko la mama mdogo lililokuwa linavuja. Hawasemezani. Ila jioni mama mdogo huweka sahani ya chakula kizingitini, kisha huingia ndani na kufunga mlango. Baba hula, huiosha sahani, huirudisha pale pale. Amekonda sana. Njoo, mdogo wangu, hata kwa siku chache, maana mimi hanisikilizi.

Shangazi Roza anakusalimu, na jirani Yotamu, na mchungaji. Nisalimie Sekela na uwabusu wanangu wote. Mungu akutoe salama chini ya ardhi kila unaposhuka.

Ukija, mwambie dereva akushushe ukishapita kona. Usitafute nyumba yetu, haipo. Nenda moja kwa moja kwa mama mdogo, upige hodi mlango wa mbele, na umwamkie yeye kabla hujamwamkia baba.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tusekile