Gitaa la Tatu Wameliita Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Magitaa mapya ya umeme tunayazindua Jumamosi. Aina tatu! Mume wangu — mdomo umezoea, bado nasema mume wangu — kaingia karakana asubuhi na shati lililopigwa pasi na mtu ambaye si mimi. Kahamia kwa yule mwimbaji. Alikuja kuagiza gitaa, akaondoka na fundi.

Karakana tu ndiyo hatujagawana. Yeye anachonga mbao, mimi nasuka koili za kunasa sauti na kupuliza rangi. Tunaongea mambo ya skrubu. "Niletee zile ndogo." "Hizo hapo." Basi.

Radi ni zito, la wapenda kelele. Unyoya ni jepesi, bega halichoki. La tatu halijapewa jina. Shingo yake nyembamba — aliipimia kwenye kiganja changu, enzi hizo bado tunalala kitanda kimoja. Leo nimelipuliza rangi ya chungwa bivu. Rangi ilichuruzika, nikarudia.

Jumatano, 5 Machi

Koili zote za Unyoya nimemaliza kuzisuka. Sijalia leo. Haya, nimelia kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Mchora nembo kaleta majina ya kubandika kwenye vichwa vya magitaa. Radi. Unyoya. Na la tatu — Chiriku!

Chiriku ni mimi! Mume wangu kaniita hivyo tangu uchumba, kwa sababu sinyamazi hata nikiwa na misumari mdomoni. Nimejifungia chumba cha rangi nikacheka peke yangu kama mwehu. Mtu aliyekwisha kumtoa mkewe moyoni atambandikaje kwenye gitaa?

Nimerudi nyumbani nikafagia mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimetandika shuka mpya. Sijui nani kanituma.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu alikuwa anaongea na simu nje ya dirisha. Nilikuwa napiga msasa, nikaacha. Alikuwa anamwambia mwimbaji asichelewe kesho, avae lile gauni la kijani, gitaa la tatu atalipiga yeye. Halafu nikasikia: "Si limebeba jina lako, Chiriku wangu."

Hata jina la utani kashindwa kutafuta jipya! Kanivua mimi kamvisha yeye, kama mtu anayetoa betri kwenye redio hii akaitia kwenye redio ile.

Shuka nimeitandua.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa chumba cha rangi. Wageni bado wako karakana.

Watu walijaa! Radi lilitikisa madirisha. Unyoya wakapokezana kama mtoto mchanga. Kisha akasimama mwimbaji, gauni la kijani, na gitaa la tatu. Vidole vyake virefu vikawa vinakanyagana kwenye ile shingo. Lakini sauti — Mungu wangu, anaimba huyu! Nilitaka kumchukia, ikabidi ningoje wimbo uishe.

Mpiga besi mmoja akauliza, mbona linaitwa Chiriku? Mwimbaji akacheka, akainua mkono. "Ndiye mimi."

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, na kunong'ona hakujui. "Wewe? Tangu lini? Chiriku ni mkwe wangu yule pale! Chiriku huku, Chiriku kule, mpaka nikawakataza mezani."

Mume wangu akainama kukaza uzi wa Radi ambao haujalegea.

Nikakimbilia huku. Mara mlango ukafunguliwa — mwimbaji! Gitaa lingali begani. Akatia komeo. Nikajua nimekwisha, kaja kunipiga. Wala. Akakaa juu ya debe la rangi, gauni na yote, wanja unamtiririka mpaka kidevuni.

Mume wangu yuko nje anagonga. Anasema fungua tuongee. Hasemi nani afungue.

"Dada," mwimbaji kaniambia, "mimi aliniambia hajawahi kumpimia mwanamke mwingine gitaa kiganjani."

Nikamwonyesha kiganja changu. Akaweka chake juu. Changu kikapotea chini yake.

Akaondoa mkono. "Na mengine alikuambia yapi? Anza mwanzo. Nataka kusikia kama ni yale yale."

Nimemwomba nimalize mstari huu kwanza. Kakubali. Kavua viatu, anangoja. Na mlango bado unagongwa —