Betri Nilizouma Mwenyewe

Athi River,
Jumamosi

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini mvua imefika huko Karatina na mgongo wa Mama umetulia. Mimi mwili ni mzima, lakini moyoni nina hasira, na afadhali nikuambie mapema.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza, "Wangui, ni kweli umeiba?" Najua habari hizo zimeletwa na Nyaguthii, binti wa jirani yetu, alipokuja mwisho wa mwezi akasimulia sokoni kwamba nimeshikwa na mali ya kiwanda. Nyaguthii anashona nguo jengo lingine kabisa. Hakuwapo. Mimi nilikuwapo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Unajua kwetu tunatengeneza betri za redio na tochi. Vikopo vya zinki, vijiti vya kaboni, hata ule unga mweusi, vyote vinatoka ng'ambo kwa kontena. Sisi tunajaza, tunafunga, tunavika lebo, kisha zinarudishwa ng'ambo. Kwa sababu kiwanda kiko ndani ya zone, eneo ambalo vitu vinaingia bila ushuru, hakuna betri hata moja inayoruhusiwa kuuzwa Kenya. Nashinda nikishika betri mpaka nikipenga kamasi inatoka nyeusi, na redio yangu chumbani imenyamaza kwa kukosa betri! Niambie kama hiyo ni haki.

Chumba changu hakipati jua. Basi asubuhi ya siku niliyoshikwa nilitoa betri mbili kuukuu za redio, ambazo karatasi zake zilibanduka zamani, nikaziuma kama tunavyofanya nyumbani zikiisha nguvu, nikazitia mfukoni ili saa ya chakula nizianike juani nyuma ya kiwanda. Hilo ndilo kosa langu lote. Kuingia getini hakuna anayekupekua. Wakati wa kutoka tunavuliwa hata viatu.

Jioni getini, askari wa kike alizitoa mfukoni akaziinua juu, watu wote wakiona.

"Na hizi mawe umetoa wapi?" Betri wao huziita mawe.

"Ni zangu. Ni za redio yangu, nilikuwa nazianika tu."

"Ati zako? Na haina lebo? Hii imetoka kwa laini kabla ivikwe. Twende ofisi."

Meneja ni mgeni, hajui Kiswahili, karani ndiye anamtafsiria. Nikamwambia karani, "Mwonyeshe hizi alama za meno. Betri mpya ya kiwanda nani ameiuma?" Meneja akauliza mara mbili, mtu mzima anauma betri ya nini? Baba, huyo karani kwao ni Othaya, si mbali na kwetu. Ameuma betri tangu utoto wake kama sisi sote. Akainamisha kichwa, akamjibu kwamba hajui. Hajui! Aliona haya kwa ajili ya meno yangu, hakuona haya kuniacha niitwe mwizi.

Ndipo wakaniletea betri mpya, wakaniambia niiume mbele yao. Nikaiuma. Nilijisikia kama mbuzi anayekaguliwa meno sokoni. Alama zikalingana, na pengo langu la mbele likaonekana wazi kwenye zote tatu. Meneja akacheka mpaka akafuta macho. Nikafikiri basi, yamekwisha.

Wapi! Karani akatoa karatasi iliyopigwa chapa tayari, imesema nimepatikana nikitoa mali ya kiwanda.

"Sign tu, dada, mambo iishe," akaniambia. "Ni formality. Kesho unarudi kazi."

"Mambo ya nani iishe? Si mmeona ni zangu?"

"Zimeonekana ndani ya zone na hazina karatasi ya kuingia. Lazima file ikuwe na kitu."

Sikutia sahihi. Kwa nini niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ni mwizi, ili faili lao lishibe? Wamenisimamisha kazi wiki mbili, mpaka Jumatatu hii, nifikirie. Nimekwisha kufikiri. Najua nyumbani mnanitegemea, na kazi hii niliitafuta kwa machozi, lakini karatasi hiyo siigusi. Na wewe, Baba, uliye mzee wa kanisa, umeniumiza kuliko wao. Wao hawanijui. Wewe umenilea.

Nisalimie Mama sana. Msalimie kaka yangu Mwangi, mwambie asigombane na mtu sokoni kwa ajili yangu. Msalimie Cucu, nyanya yangu anayeniombea kila asubuhi, na Tata Wairimu, shangazi aliyenishonea sweta ninayovaa sasa.

Barua hii naituma leo kwa matatu ili ikufikie mapema. Wakinifukuza Jumatatu, Jumanne saa nane mchana nitashuka stendi ya Karatina, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Usimtume Mwangi, wala usinipitishe njia ya nyuma ya mashamba. Njoo wewe mwenyewe, Baba, uvae kofia yako ya Jumapili, unishike mkono tupite katikati ya soko.

Ni mimi mwanao,
Wangui