Mbwa Mwenye Jina Lako

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa mama. U hali gani huko? Shemeji hajambo? Na wale mapacha wangu, mkorofi na mpole, wameacha kugombania blanketi? Natumaini kikohozi ulichokitaja kwenye simu kimekwisha. Kama bado, acha kulala na dirisha wazi, nimekukataza hilo tangu tukilala chumba kimoja.

Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua kukiwa na baridi, na zile ngazi za mbele anazishuka kwa nadra, tena kwa kushika ukuta, lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Mimi macho yananiuma kidogo kwa kushona vitambaa vyeusi. Mengine ni salama.

Sasa nije kwenye mzigo wako. Siku fundi redio aliporudi kutoka huko kwenu na lile boksi, alikuta nimeshaondoa kila kitu mezani na kupangusa. Unajua kwa nini? Tangu mwaka jana nakuambia cherehani yangu inataka mota, mguu umechoka kukanyaga, nawe ukaniambia, "Dada, subiri, kuna kitu nitakituma." Nikaliona boksi, nikajua mota imefika. Fundi redio nikamkaribisha chai na mkate, nikachukua mkasi mwenyewe, nikakata kamba. Mota ikapiga chafya.

Fundi redio alicheka mpaka chai ikampalia. Halafu akasema, "Huyu ni wa mama. Kidoti kasema mama asikae mpweke." Mpweke! Na mimi ninayeishi naye ni nini humu ndani, kabati? Nikuambie kweli, neno hilo limenikwama kooni hadi leo.

Mama alipomtazama tu akaona lile doa jeusi juu ya mdomo, palepale lilipo lako. Hakufikiri mara mbili. "Kidoti wangu karudi," akasema, akamkumbatia. Basi mbwa akapata jina lako. Unamjua mama, kila anayempenda humpa jina la kumdekeza. Marehemu baba alikuwa Bwana Kofia, wewe Kidoti, hata yule paka aliyetukimbia aliitwa Mheshimiwa. Ni mimi tu niliyekosa. Mimi ni "wewe." "Wewe, maji yanachemka." "Wewe, funga mlango." Nimeota mvi, bado ni Wewe.

Na usidhani ni mama anayemlea. Asubuhi kabla sijanawa uso nambeba mbio hadi uani, maana akifumbua macho tu anakojoa, na akiachiwa achague, huchagua zulia. Daktari wa mifugo alituambia atolewe kila akiamka na kila akimaliza kula, tena mahali palepale, na akifanya vizuri asifiwe. Basi mwanamke mzima nasimama uani nampigia mbwa makofi kwa sababu ya mkojo. Mimi ndiye ninayempikia uji laini na nyama ya kusaga isiyo na chumvi. Mimi ndiye ninayemchana viroboto kwa kitana, na ni mimi niliyempeleka kuchomwa sindano, akaning'ata kidole kwa kunishukuru. Sasa meno yanamwota, anatafuna chochote kinachomfikia. Futi yangu ya kupimia ameila kuanzia mwanzo, siku hizi nikimpima mteja kiuno naanzia inchi ya saba.

Kazi ya mama ni kupenda. Anamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba, kile ambacho mimi na wewe hatukuthubutu hata kukiegemea. Anampulizia uji upoe. Anamwambia, "Kula, Kidoti wangu, umekonda." Na mimi niko hapohapo mezani nakula kiporo, hakuna anayeniuliza kama nimekonda. Ninaona wivu, mdogo wangu, sikuzungushii maneno. Namwonea wivu mbwa, na nyuma ya mbwa nakuonea wewe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakumjua mama yetu, ambaye kwake asiyekuwepo ndiye mwenye kiti.

Jina nalo limeniletea visa. Juzi mbwa kaiba soksi kwenye kamba ya nguo ya jirani, akatokomea nayo barabarani. Nikatoka mlangoni nikipiga kelele, "Kidoti! Mwizi mkubwa wewe, rudisha soksi ya watu!" Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara akatoka mbio na wembe mkononi, mteja wake kamwacha na povu shavu moja. "Kumbe mdogo wako amerudi?" Hadi jioni mtaa mzima ulijua kwamba umerudi na kwamba umeanza udokozi. Nimeshawaeleza ukweli, ingawa sikufanya haraka sana.

Halafu kuna pazia la sebuleni. Unalikumbuka, lile la maua ya bluu nililolishona mwenyewe. Pembe yake moja haikai safi. Naifua, wiki haiishi, inakuwa nyeusi tena, na kitambaa kimeanza kulika mpaka nyuzi zinaning'inia. Nikamshika mbwa wako kwa kosa hilo, nikamfungia jikoni mchana kutwa. Mama alininunia. Akasema namwonea mtoto wa watu.

Sasa sikiliza ya Alhamisi. Nilikwenda hospitalini kupeleka sare za wauguzi. Mtunza stoo akanichelewesha, kila koti anataka kukagua vifungo vyake, kisha mvua ikanikuta njiani na simu imezima. Nikafika nyumbani nimechelewa, nimelowa chapachapa. Nani namkuta amesimama getini? Mama. Getini, Kidoti! Mama ambaye ngazi zile hazishuki hata akiitwa na daktari, yuko kwenye mvua na ule mwavuli uliovunjika mbavu, mbwa kamtia ndani ya sweta, kichwa tu kimechungulia kifuani.

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mama, yaani kwa ajili ya mkojo wa mbwa uko radhi kuugua? Ningekuwa mimi, ungeshuka hata ngazi moja?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Wewe, umelowa." Akageuka akaanza kupanda, mkono mmoja ukutani, mwingine kumshikilia mbwa. Nilinuna hadi asubuhi.

Kesho yake kinyozi akaniita nichukue koti lake, mfuko umetoboka. Kwa kuwa kifua kilikuwa kimenijaa, nikamlalamikia. Nikamwuliza, "Ulimwona mama jana, anavyomtembeza mbwa mvuani?"

Akaacha kunoa wembe. "Mbwa gani, Dada? Mama yako anakungoja wewe. Kila jioni, saa zako za kurudi. Zamani alikuwa anasimama dirishani, kashika pazia namna hii. Akikuona unakata kona, analiachia, anarudi kitini kama hakuna kitu. Mimi hapa natazamana na dirisha lenu, nimemwona miaka na miaka. Siku hizi kapata kisingizio, anatoka hadi juu ya ngazi, anasema anampeleka mbwa nje."

Nikamwambia haiwezekani, labda anaitazama barabara, anamngoja mdogo wangu. Kinyozi akatikisa kichwa. "Jana nilimfuata na kiti aje ajikinge hapa kwangu, akakataa. Nikamwambia, bibi, mwanao mmoja yuko mbali miaka yote na umevumilia, huyu wa saa moja tu anakushinda? Akaniambia, 'Yule nimeshazoea kumkosa. Huyu akichelewa kidogo, siwezi kukaa.'"

Nilirudi nyumbani nikalisahau koti la watu kwake. Nikaenda moja kwa moja kwenye pazia. Ile pembe nyeusi iko usawa wa bega la mama. Mbwa wako hata ukimpandisha kwenye kiti haifikii. Na ilikuwa ikichafuka kabla hata hajaletwa, tena kwa muda mrefu. Mimi, fundi ninayeona mshono uliopinda nikiwa bado mlangoni, nimeifua pembe ile miaka yote na sijawahi kujiuliza ni mkono wa nani. Nilikaa chini palepale, nikalia.

Sijamwambia mama kwamba najua. Akijua ataacha, na atasema alikuwa anafuta vumbi. Ninachofanya, nikifika kwenye kona nakohoa kwa nguvu, apate nafasi ya kumweka mbwa chini na kujifanya anamkojolesha. Pazia nalo sijalifua tena.

Nimewaza sana kama nikuandikie yale maneno ya mama au niyameze. Najua yatakuchoma. Lakini miaka yote wewe ndiye mwenye jina, na kiti, na "umekonda," mimi nikiumia kimyakimya huku nakanyaga cherehani. Sasa ni zamu yako, onja na wewe wivu ulivyo.

Ukishaonja, nisikilize. Maneno yale yalinifurahisha, sikatai, lakini furaha yenyewe haikudumu, yakaanza kunitisha. Mama amesema amezoea kukukosa. Mtu akizoea kukosa, siku moja huacha kutazama barabara. Jina lako limeshahamia kwa mbwa. Mama akiita "Kidoti," hakuna anayegeuka ila yeye na mkia wake. Njoo, mgeuke wawili. Njoo mama akiwa bado anaweza kuzishuka zile ngazi, nami nitasimama nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza maishani, nikuone ukingojwa, na nikikuonea wivu nitakuwa nimekuonea wewe mwenyewe wala si mbwa.

Na ukija, njoo na mota.

Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako umpe pole ya mgongo. Wabusu mapacha, umwambie mkorofi kwamba hapa nyumbani kuna mwenzake mwenye miguu minne. Fundi redio anakusalimu. Kinyozi naye anakusalimu, na anauliza kama kweli uliiba soksi. Mama amesinzia kitini, mbwa kalala mapajani mwake, kwa hiyo salamu zake nazituma mimi kabla hajazisema. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, wivu na yote,

Wewe.