Maharage Yako ya Rangi Zote

Mama, shikamoo. Niko Tunduma. Vumbi la malori limenikausha koo, ila ni mzima.

Maharage yetu yalizuiwa mpakani. Afisa alitueleza kwa upole mpango mpya wa serikali: ya kuuza nje yawe ya aina moja, gunia zima. Yetu ni kama unavyoyapanda, mekundu, ya njano na meusi pamoja. Akauliza, "Nani kayachanganya hivi?" Nikaona aibu, nikasema sijui. Nisamehe.

Tangu asubuhi nimekaa kwenye turubai nikiyachambua. Mama mmoja mnunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, akakaa kunisaidia. Alishika meusi kiganjani, akasema, "Haya huvumilia ukame, ila kwetu yamekwisha. Mwaka wa ukame tulikuwa tumepanda mekundu tu. Yalikufa yote."

Mekundu yamevuka. Mengine nimeyafunga kwenye kitenge chako, narudi nayo. Nikikuhimiza upande mekundu peke yake kwa ajili ya soko, unikatalie.

Jifunike vizuri, najua baridi ya huko nyumbani Mbebe. Kabla ya kupanda gari nampitia yule afisa, nimwambie aliyeyachanganya ni mama yangu.

Mwanao, Atupele