Mafuta ya Kasa

Jumamosi, Kwihara

Picha zilikuwa nzuri, hilo siwezi kumnyima. Pale kwenye ukumbi wa shule, mtaalamu wa viumbe wa baharini alituonyesha kasa akitaga mchangani huku machozi yanamtoka.

Jirani yangu Mama Hamisi akaninong'oneza, "Bahari yenyewe mimi naiona kwenye kalenda tu, huyu kasa nimemkosea nini?" Nikacheka.

Kisha bwana yule akasema kasa wanachinjwa kwa ajili ya mafuta yao. Hapo nikaacha kucheka. Mama mkwe humchua binti yangu Zuhura kifua kwa mafuta hayohayo kila pumu ikimbana. Huyaagiza kwa wafanyabiashara wa mjini waendao pwani.

Nikanyoosha mkono. "Tukiyaacha, mtoto tumchue na nini?"

"Mpelekeni hospitali," akajibu, akaita swali la mwingine. Alisema kweli, lakini kwa namna ya kumfukuza mtu.

Jioni nikamweleza mama mkwe. Akaniuliza, "Huyo bwana amelea mwenye pumu?"

"Sijui, mama. Lakini sisi tunachua, na mtoto bado anabanwa. Ile pampu ya dawa tuliyopewa hospitali inamfungua kifua, na wewe huitaki."

Nilisema taratibu, ila sikurudi nyuma. Alinuna mpaka tukamaliza kula. Nikadhani nimeharibu, maana kesho nashinda shambani na yeye ndiye anayebaki na Zuhura.

Wakati naosha vyombo akaja na pampu mkononi. "Haya, mwanangu, nionyeshe. Kidole kinabonyeza wapi?"