Maji Nayo Yana Batobato?

Tecla, nimemjibu bosi mbele ya wakulima! Na sijutii hata kidogo.

Si unaijua ile mihogo ya mbegu ya Nyamahanga? Jana bosi Modestus alichanganya dawa za kipimo mwenyewe, akaacha kuweka kile kimeng'enya cha kusafishia. Eti kinakula sampuli!

Hakili sampuli. Kinakula nakala za DNA za vipimo vya zamani zilizozagaa humu maabara, kwa sababu tunazizalisha zikiwa na alama. DNA ya mhogo na ya virusi vyake haina alama hiyo, kwa hiyo haiguswi.

Asubuhi majibu yakatoka: sampuli zote arobaini zina virusi vya batobato, ule ugonjwa wa mihogo. ZOTE! Na kile kichupa cha maji matupu cha kuhakikishia, nacho kina batobato. Maji, Tecla. MAJI!

Bosi akawaambia wakulima, "Ng'oeni, mkachome." Mmoja wao, Mzee Sostenes, akavua kofia, akakaa chini pale pale mlangoni. Mimi nasukumiwa karatasi: "Joyness, weka saini."

Nikasema, "Bosi, tangu lini maji yakaugua batobato? Siweki."

Akasema sina adabu. Sawa, sina! Nikarudia kipimo, kimeng'enya ndani, wakulima wakisubiri kwenye benchi. Maji safi. Mihogo mitatu tu ndiyo inaumwa. Mitatu!

Sasa anataka nijieleze kwa maandishi. Nimejieleza. Nimebandika majibu mawili ya maji, ya kwake na ya kwangu, na hapo chini ndipo nimeweka saini.