Kisanduku cha Mapumziko

Jumatatu, 3 Machi

Kipindi cha mwisho mwalimu wa ushauri aliingia amebeba kiti kibovu cha bwalo. Akakikalia. Kikayumba, darasa zima likacheka. Akasema hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mguu wake mmoja ukiwa mfupi. Kisha akagawa karatasi zenye visanduku vinne: Mwili. Akili. Watu. Mapumziko. Tuandike kinachojaza kila kimoja. Tusijidanganye, maana hazikusanywi.

Akili nilijaza mpaka maandishi yakapanda ukingoni. Mapumziko: kusoma. Mwili: kutembea kwenda maktaba (hatua mia na kumi, nimezihesabu). Watu: Pacha. Neno moja, kisanduku kilichobaki cheupe.

Pacha mwenyewe alikuwa ameinamia karatasi yake, mkono kaukunja kama ukuta. Tangu darasa la pili tuko pamoja mpaka watu wakatubandika upacha, yeye mrefu vile na mimi mfupi hivi. Tangu lini ananificha kitu?

Jumatano, 5 Machi

Maktaba. Nakala ya kitabu ni moja tu, kwa hiyo tunaisoma pamoja kama kawaida yetu. Mimi namaliza ukurasa kwanza, namsubiri. Akimaliza anagusa kona ya karatasi kwa kidole, nafunua. Hatusemi kitu.

Kabla ya kengele akaninong'oneza kwamba kuanzia sasa atakuja Jumatano tu. Jumatatu na Alhamisi atakimbia uwanjani na Mshale. Siku nyingine ana mambo mengine. Amejipangia. Eti si kwamba ananiacha.

Nikasema, "Sawa." Sawa! Kutoka siku tano hadi moja, na mimi nasema sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Dirisha la maktaba linatazama uwanja wa juu. Nilikaa na kitabu mbele yangu, ukurasa uleule saa nzima.

Mshale yuko kidato kimoja mbele yetu. Anajulikana na shule nzima, na anamsalimu kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Walikimbia bega kwa bega. Wakapunguza mwendo, wakawa wanaongea. Kamba ya kiatu cha Pacha ikafunguka—Mshale akapiga goti akamfungia! Kwani Pacha hana mikono?

Wivu una mahali pake mwilini. Kwangu mimi ni chini kidogo ya koo, kama kidonge kilichomezwa bila maji.

Nyumbani kaka akaanza: "Profesa, mwenzio yuko wapi? Kakupa talaka?" Nikamwambia aniondokee. "Basi ni tatu hizo!" Akacheka mpaka mama akamfukuza jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kanituma kwa mama yake Pacha, fundi cherehani, sketi yangu ya shule ipandishwe pindo. Pacha hayupo. Katoka na nani, sikuuliza.

Fundi akaniambia niivae chumbani kwao penye kioo. Karatasi ya Pacha ya visanduku ilikuwa imebandikwa hapo pembeni. Sikuitafuta. Ilinitazama yenyewe.

Mwili: kukimbia na Mshale. Akili: hisabati, kuchora. Watu: Mshale, mama, wasichana wa timu, shangazi. Hadi shangazi! Nikajitafuta. Nimo kisanduku cha mwisho, peke yangu. Mapumziko.

Mapumziko! Kama godoro. Kama ile nusu saa ya kunywa chai. Na wengine wote kawaandika kwa penseli, mimi kwa wino—ili nisifutwe hata kwa bahati mbaya nikahamishiwa kwa watu.

Nilitoka na sketi mkononi. Fundi akaniuliza, "Mbona macho mekundu, mwanangu?" Nikasema vumbi la vitambaa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Saa ya mazoezi Mshale alinigongea dirisha la maktaba. Uwanja wa juu unachorwa mistari, leo watakimbilia ule wa chini. Nimwambie Pacha akipita, tafadhali sana. Akaniita "mdogo wangu". Nikaitikia kwa kichwa.

Pacha akapita. "Umemwona Mshale?"

"Hapana."

Neno jepesi vile! Nilidhani uongo utakuwa mzito kuutoa.

Alimsubiri karibu saa nzima, kasimama peke yake kando ya uwanja wa juu, mchora mistari akimzunguka na ndoo yake ya chokaa. Nilimwona wakati wote. Kisha akaja maktaba. Akakaa, mikono inatetemeka. Nikafikiri ni baridi. Nikafungua kitabu pale tulipoishia. Tulisoma kurasa kumi na moja.

Nilifurahi. Aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Jumanne, 11 Machi

Pacha hakuja shule.

Mshale alinifuata kwenye mabomba ya maji. Je, nilimpa ujumbe? Maana alimngoja mpaka akachoka. Nikasema nilisahau. Uongo wa pili. Akanishika bega: "Ah, usijali. Mimi mwenyewe nasahau hata daftari langu."

Angenitukana ningepata nafuu. Mtu unamchukia vizuri, halafu anakuharibia kwa wema.

Jumatano, 12 Machi

Siku yangu. Kiti cha Pacha kitupu. Jioni nikachukua madaftari nikampelekea.

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Shikamoo, marahaba. Pacha kalala, akasema, nisimwamshe. Akaacha kukanyaga, akanitazama kama anayepima kitambaa.

"Hajakwambia, eh? Anaona haya."

Tangu mwaka jana, kumbe. Moyo unamwenda mbio bila sababu, pumzi inakwama, anadhani anakufa. Hospitali wakampima moyo, mzima kabisa. Muuguzi ndiye aliyesema aende kwa mwalimu wa ushauri. Na Mshale ndiye anayemfundisha kupumua anapokimbia: hatua tatu ndani, hatua tatu nje. Alikuwa ameanza kulala vizuri.

Juzi, pale uwanjani alipoachwa, hali hiyo ikamjia tena. Hakuwa na mtu.

"Akajikokota mpaka maktaba. Anasema ulifungua tu kitabu, hukumuuliza kitu, ikatulia." Fundi akakata uzi kwa meno. "Kile kisanduku chake cha mwisho kilikaa kitupu siku tatu. Kila nikimuuliza, mwanangu unapumzika wapi, anainuka kwenda kuosha vyombo. Jumatano iliyopita karudi kutoka maktaba, hata viatu hajavua, anatafuta kalamu."

Nilitazama sakafu. Vipande vya nyuzi vya kila rangi.

"Sasa msaidie. Anasema hakimbii tena, Mshale amemchoka. Wewe anakusikiliza."

Nilifungua kinywa. Nikasema nitajaribu. Nikaondoka na uongo wangu, wa kwanza na wa pili, kama mtu aliyekuja kurudisha mzigo akasahau kuutua.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Pacha alikuja darasani. Kapungua uso. Nilimwandikia kikaratasi: Jioni uwanja wa chini. Tafadhali. Mimi nitakuwepo. Akakisoma mara mbili. "Wewe? Uwanjani?" Karibu acheke.

Niko hapa, kwenye ngazi za uwanja. Nimevaa viatu vya kaka, nimejaza magazeti kwenye vidole. Kaka ameuliza kama Profesa anakimbia deni au anakimbia mume.

Mshale nimeshamwambia. Yote, na lile la kusahau pia. Hakuniambia nisijali safari hii. Akasema tu, "Mwambie mwenyewe. Mimi nitasimama hapa." Amesimama hapo, hatua tatu kutoka kwangu, hanitazami.

Sentensi yangu ninayo. Nimeiandika mara tano nyuma ya daftari, kila mara nikipunguza maneno. Ilianza na "samahani lakini". Hiyo "lakini" nimeifuta. Samahani nayo nimeisogeza mwisho. Imebaki: Mshale alinituma, nikakwambia hapana, kwa sababu nilitaka uwe wangu peke yangu. Samahani.

Anaweza kunifuta, najua. Hata wino unafutika kwa wembe.

Pacha ameingia geti la mbali. Anakuja taratibu, mkono mmoja kifuani. Tatu ndani, tatu nje, midomo yake naiona. Sasa ametuona. Amesimama.

Amepunga mkono.

Sijui anampungia nani kati yetu. Na bado—hata sasa!—nataka iwe mimi.